Gari la Fundi: Pima Mzigo Kwanza, Jina la Gari Baadaye

Barua za mwezi huu zimetoka kwa mafundi wa Mwanza na kisiwani Ukerewe, na karibu zote zinauliza jambo moja: gari kubwa la bodi iliyofungwa, la kubebea vifaa, mali na mafundi wenyewe. Tumezifupisha tu.

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni fundi bomba. Nimechoka kukodi bajaji ya mizigo kila siku, nataka gari langu. Jamaa wananiambia nichukue Noah kwa kuwa bei yake ni nafuu, wengine wanasema Hiace, na dalali ananisukumia Caravan. Tunakuwa watu watatu, vifaa vyetu, na siku nyingine mifuko kumi ya saruji. Nichukue lipi?
*Fundi bomba, Nyakato*

Ndugu fundi, liache jina la gari kwanza, chukua kalamu. Andika siku yako nzito kuliko zote, maana siku ya kawaida haivunji springi. Saruji mifuko 10 ni kilo 500. Watu watatu wa kilo 75 ni 225. Mashine ya kuunganishia bomba za plastiki za PPR, grainda, drili, dai za kukatia nyuzi, ngazi na masanduku ya spana havipungui kilo 120. Viungio, valvu na sinki mbili, weka 60. Jumla ni kilo 905.

Noah ni gari la familia ya watu wanane. Watu wanane wa kilo 65 ni 520, na springi, breki na tairi zake zimepimiwa huko huko. Ukiipakia 905 itaondoka, hilo halina ubishi, kila siku unaziona Igoma zimepakia hivyo. Lakini nyuma itakaa chini, usukani utakuwa mwepesi kwa sababu uzito umehama kutoka tairi za mbele, na ukishuka Bugando utasikia harufu ya breki. Noah tumeitoa.

Hiace na Caravan za mizigo zilizotoka Japani zina kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii. Nenda mlango wa nyuma, utaona herufi za Kijapani zinazoishia na tarakimu, kwa mfano 1000kg au 1250kg. Huo ndio uzito wa mzigo ulioruhusiwa na kiwanda. Mara nyingi namba ni mbili, ya pili ikiwa ndogo na imewekwa kwenye mabano. Kubwa ni ya mzigo siti za nyuma zikiwa zimekunjwa, ndogo ni ya mzigo watu wakiwa wamekaa siti zote. Namba hiyo ni ya mzigo peke yake, kwa maana watu wamehesabiwa pembeni, kilo 55 kwa kila siti. Kwako mzigo ni 680. Ongeza kilo 20 kwa kila mtu, kwa sababu mafundi wako si wa kilo 55, unapata 740. Hiace iliyoandikwa 1000 inakubeba na nafasi inabaki. Ukikuta maandishi hayo yamebanduliwa na mlango umepigwa rangi, uliza mlango ulipatwa na nini.

Hiace ya kawaida, ile ya muundo ulioanza 2004, ina urefu wa milimita 4,695, upana 1,695 na kimo 1,980. Ikiwa na siti za mbele tu, sakafu ya mzigo inakaribia mita 3. Nissan NV350 Caravan, iliyoanza 2012, ina urefu na upana ule ule, kana kwamba walipimiana. Kwa hiyo kati ya hizo mbili usichague kwa futi. Chagua kwa gereji. Hiace ndiyo iliyobeba daladala za jiji hili miaka mingi, na bushi, boljointi, brekipedi na shokapu zake unazipata mtaani ukiwa umevaa ovaroli. Vipuri vya Caravan vipo pia, ila mara kwa mara utaambiwa "njoo kesho, kinatoka Dar". Caravan tuichukue pale tu inapokuwa nzima zaidi na bei yake iko chini kwa tofauti unayoiona kwa macho.

Limebaki la bomba. PPR zinauzwa za mita 4 na sakafu yako ni mita 3. Usizipitishe katikati ya siti hadi kwenye dashibodi, siku ya breki ya ghafla zitakuja na wewe. Chukua bomba la PVC la inchi 6, likate mita 4.2, weka kifuniko cha gundi upande wa mbele na kifuniko cha kufungua upande wa nyuma, kisha lifunge kwenye keria kwa klampu nne. Linaingiza bomba za milimita 20 zaidi ya 30, halizidi urefu wa gari, na linazikinga PPR na jua, ambalo huzichakaza zikiachwa wazi. Toboa matundu mawili madogo upande wa chini ili maji ya mvua yatoke. Bomba za chuma za mita 6 ni hadithi nyingine: zitazidi gari kwa mita 1.3, lazima kitambaa chekundu mwishoni. Moja ya inchi 2 ina kilo 30 hivi. Mbili tatu sawa, kumi ni kilo 300 juu ya paa. Hizo kodi gari.

Nimeshaamua Hiace. Sasa petroli au dizeli? Naweka vigae mjini, lakini siku hizi napata kazi Sengerema na Geita.
*Fundi vigae, Buhongwa*

Kwanza ujue unachouziwa, maana maneno ya "injini nzuri hii" hayana mwisho. Soma namba ya chesisi. Ikianza na TRH200 ni petroli, injini ya 1TR-FE, cc 1,998, inayotumia cheni ya taimingi. KDH200 ni dizeli ya 2KD-FTV, cc 2,494. KDH201 ni dizeli ya 1KD-FTV, cc 2,982. KDH206 ni hiyo hiyo ya 1KD lakini inasukuma magurudumu manne. Dizeli hizi zote zinatumia mkanda wa taimingi, na mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni. Kama hakuna karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, badilisha wiki ya kwanza pamoja na roli zake.

Sasa hesabu. Hiace ya petroli yenye mzigo mjini tuichukulie kilomita 8.5 kwa lita, dizeli ya 3.0 tuichukulie 10.5. Ukitembea kilomita 60 kwa siku, siku 26, ni kilomita 1,560 kwa mwezi: petroli lita 184, dizeli lita 149. Tofauti ni lita 35. Bei zenyewe EWURA hutangaza kila mwezi, kwa hiyo zidisha kwa za mwezi huu. Halafu nenda duka la spea uulize bei ya nozeli nne za 1KD, yaani vipulizia dizeli, uigawe kwa akiba uliyoipata. Utaona dizeli inafidia nozeli miezi mingapi kabla haijaanza kukulipa. Kwa fundi wa mjini tu, tunasema petroli bila kusita.

Kwako ni tofauti kidogo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Geita si safari ya kusubiri kivuko tena, na kazi za ng'ambo zinaongezeka. Ukifikia kilomita 200 kwa siku, tofauti inakuwa lita zaidi ya 110 kwa mwezi. Vigae navyo ni vizito: boksi la 60 kwa 60 lina kilo 30 hivi, boksi 25 ni kilo 750. Mzigo huo na barabara ndefu ndiyo kazi ya dizeli.

Ila uijue inapoumia. Nozeli za 1KD na 2KD zinakalia washa za shaba, yaani pete bapa za kuzuia uvujaji. Washa ikivuja, moshi wa mwako unapanda hadi kwenye kifuniko cha valvu na kuingia kwenye oili. Oili inakuwa nzito kama lami, masizi yanaziba chujio la chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili, presha ya oili inaanguka, injini inakufa huku dereva akidhani imekufa ghafla. Kila nozeli zikitolewa, weka washa mpya, usirudishe za zamani hata kama fundi anasema bado nzima.

Jambo la pili: 1KD za soko la Japani kuanzia 2007 zina chujio la masizi kwenye ekzosi, Toyota huliita DPR. Linajisafisha lenyewe gari likiwa na moto wa kutosha. Gari linalozunguka Mlango Mmoja na Mabatini kilomita tatu tatu halifiki moto huo, chujio linaziba, nguvu zinapungua, taa inawaka. Safari yako ya Geita ndiyo dawa yake. Kazi zikirudi kuwa za mjini tu, lipeleke barabara ya Usagara mara moja kwa wiki, nusu saa bila kusimama.

Nikienda yadi nianzie wapi kukagua? Sina fundi makenika wa kwenda naye.
*Mpaka rangi, Kirumba*

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji mapema asiwashe gari. Ukifika ukakuta injini ina joto, mtu amelipasha ili liwake vizuri mbele yako. Rudi siku nyingine.

Anzia chini. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, gari lililokaa Mwanza haliliwi na kutu kama la Tanga au Unguja. Kutu mbaya huja nalo. Hokkaido na mikoa ya kaskazini mwa Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na nyingi za magurudumu manne zilinunuliwa kwa ajili ya huko. Lala kwenye gunia, uwe na tochi na bisibisi. Gonga kwa mpini wa bisibisi sehemu springi za nyuma zinapofungwa, mabomba ya breki yanayopita ubavuni, na kingo za ndani za vibanda vya matairi ya nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kadibodi. Rangi nyeusi mpya iliyopulizwa chini nzima, hadi kwenye nati na mabomba, imeficha kitu. Ikwangue mahali pamoja uone.

Kama lina karatasi ya mnada wa Japani, iombe. Herufi S kwenye mchoro ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, A ni mikwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipopigwa na kunyooshwa. Daraja la R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Hilo peke yake lisikufukuze, ila bei ishuke.

Injini ya Hiace iko chini ya siti za mbele, kwa hiyo inua siti. Wengi hawainui, wanaishia kukagua redio. Angalia maji ya rejeta kwenye mfuniko: yakiwa na rangi ya maziwa ya chai au utando wa mafuta, gasketi ya silinda hedi imeanza kupitisha. Fungua kifuniko cha oili. Kwa dizeli, ukikuta masizi magumu kama mkaa kuzunguka mdomo, rudia kusoma jibu lililopita. Kisha liwashe. Petroli ya cheni ikilia kama mnyororo wa baiskeli sekunde moja na kunyamaza, ni kawaida ya gari lililolala; ikiendelea, cheni au kikaza chake kimechoka. Moshi mweupe wa dizeli usiokwisha baada ya dakika mbili tatu ni nozeli au mgandamizo mdogo.

Ukiwa na muda na muuzaji ana moyo, pima marejesho ya nozeli. Chomoa vimipira vya kurudishia mafuta, weka vinne vya kupimia ndani ya chupa nne za maji zinazolingana, acha injini izunguke taratibu dakika tano. Chupa zikilingana, nozeli zimechoka sawa au ziko nzima. Moja ikijaa mara mbili ya wenzake, umepata yenye kasoro kabla hujalipa.

Mwisho ni mlima. Tafuta mwinuko wa Isamilo, panda kwa gia ya pili ukiwa na watu wanne ndani, kisha simama katikati na kuondoka tena. Klachi iliyokwisha itajulikana hapo: injini inapiga kelele, gari halipandi. Ukifika juu angalia mshale wa joto. Feni ya Hiace inaendeshwa na klachi yake yenye mafuta mazito ndani. Ikichoka, gari halichemshi likikimbia, linachemsha likipanda polepole na mzigo, yaani hasa kazi yako.

Halafu sakafu. Ukikuta matundu ya boliti yaliyopangwa kwa mistari na kuzibwa, ilikuwa daladala. Si lazima ulikatae, lakini kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi usiziamini, na mlango wa pembeni uufungue na kuufunga mara kumi: roli zake huisha kabla ya injini. Na kama kadi bado inasema gari la abiria, mabadiliko ya matumizi yapite TRA kabla ya pesa kupita mikononi.

Ndugu yangu yuko Uingereza, anasema atanitumia Mercedes Sprinter au Ford Transit kubwa, ndefu, ya juu. Mimi ni seremala, natengeneza makabati. Nimwambie alete?
*Seremala, Pasiansi*

Usukani utakuwa upande wetu, na nafasi ni ya kuvutia kweli. Sprinter ndefu ina sakafu ya mita 4.3, Transit ya L3 (saizi ya tatu kwa urefu) ina karibu mita 3.5, na ndani unasimama wima. Kabati lililounganishwa tayari linaingia bila kulilaza. Hiace ndefu ya juu, ya mita 5.38, ina sakafu ya mita 3.5 hivi, lakini kimo cha ndani ni mita 1.6 tu.

Ugumu uko kwingine. Magari haya makubwa mengi yana uzito wa jumla wa kilo 3,500, na kwa sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, 3,500 kwenda juu unapita mizani. Dizeli zake za miaka ya karibuni zina chujio la masizi na zinatumia kimiminika cha AdBlue cha kusafishia moshi. Kikiisha, kompyuta inakataa kuwasha injini baada ya maonyo. Transit zenye injini ya EcoBlue ya lita 2.0, kuanzia 2016, zina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Oili isiyo ya daraja lake au iliyocheleweshwa inaumenya mkanda, vipande vinaziba chujio la pampu. Hapo unahitaji kompyuta ya kusomea gari na mtu anayejua kuitumia, si spana namba 12 peke yake.

Kama ndugu yako anaweza kupata Transit ya zamani ya dizeli yenye cheni, na atapakia ndani nozeli mbili, pampu ya maji, seti mbili za brekipedi na filta za mwaka mzima, biashara hiyo tunaielewa. Bila hivyo, chukua Hiace ndefu na utengeneze makabati ya kuunganishia kwa mteja. Kabla ya kutuma chochote, mfanye aingie kwenye kikokotoo cha magari ya mtumba cha TRA, aweke modeli na mwaka. Ushuru hutegemea thamani wanayoikadiria wao, siyo risiti ya ndugu yako, na umri wa gari unaongeza kodi.

Karatasi za plaiwudi, futi 8 kwa 4, zina upana wa sentimita 122. Gari lolote utakalochagua, nenda na futi ya mkono upime kati ya vibanda vya matairi ya nyuma, kwenye sakafu. Pakipungua 122, tengeneza fremu ya mbao inayozidi kidogo kimo cha vibanda, plaiwudi zilale juu yake. Ya milimita 18 ina kilo 32 hivi, kwa hiyo karatasi 20 ni kilo 640, na hesabu ya mlango wa nyuma inarudi pale pale.

Tunafunga sola Ukerewe. Betri na paneli tunazipangaje kwenye Hiace, na je, ndefu haifai zaidi?
*Mafundi wa sola, Nansio*

Tuhesabu mfumo mmoja mkubwa: betri 8 za 200 Ah za maji au jeli, kilo 60 kila moja, ni 480. Paneli 12 za wati 550, kilo 28 kila moja, ni 336. Inveta na reli, 75. Jumla 891. Iliyoandikwa 1000 inabeba, ila bila nafasi ya ujanja.

Betri ndizo zinazoamua. Zikae sakafuni mbele ya ekseli ya nyuma, zikiegemea kizuizi cha kabini, zisimame wima, na zifungwe kwa mkanda wa ratcheti, maana moja ikianguka ni kilo 60 zinazotembea. Mtu anayepakia kwa haraka huziweka mlangoni kwa sababu ndipo alipofikia. Nyuma ya ekseli uzito unakuwa kama mtoto mzito kwenye ubao wa bembea, unainua mbele, na kwenye changarawe usukani hautii. Za maji zisipakiwe kwenye gari lililofungwa vioo vyote.

Paneli zina mita 2.28 kwa 1.13 hivi. Simamisha kwa ubavu mrefu: kimo cha 1.13 kinaingia kwenye Hiace ya kawaida, yenye kimo cha ndani cha mita 1.3. Mbili mbili, uso kwa uso, kadibodi kati yake. Kuzilaza bapa na kupanga mifuko juu huzichana seli ndani, na mteja atakuonyesha hasara mwaka wa pili paneli ikitoa nusu ya umeme, kioo chake kikiwa kizima kabisa.

Ndefu? Mnavuka Kisorya kwenda Rugezi. Umbali kati ya ekseli za ndefu ni mita 3.11, wa ya kawaida ni 2.57. Ziwa likishuka na ngazi ya kivuko ikasimama kwa pembe kali, ile ndefu inagusa tumbo pale katikati. Na inahitaji nusu kipenyo cha zaidi ya mita 6 kugeuka, wakati ya kawaida inageuka kwa mita 5. Kwenye njia za migomba ya kisiwani mtaijutia.

Nataka kujenga shelfu za vifaa vya umeme. Chuma au mbao? Na nitoboe wapi?
*Fundi umeme wa kike, Mkolani*

Dada, vyote viwili. Fremu iwe ya bomba la mraba la milimita 25, unene 1.5, ambalo lina kilo 1.1 kwa mita. Mita 18 zinatosha ukuta mmoja, kilo 20. Ubao uwe plaiwudi ya milimita 12, karatasi mbili, kilo 42 hivi. Mafundi wa kuchomelea watakushawishi uweke bati zito kote. Linapendeza, na linakula kilo mia za mzigo wako kila siku hata gari likiwa tupu.

Hiace nyingi za mizigo zina mlango mmoja wa pembeni, kushoto. Shelfu ziende kulia. Kina cha sentimita 38 kinatosha, ukizidisha utapita kiubavu ndani. Weka ukingo wa sentimita 5 mbele ya kila ubao. Roli za nyaya na sanduku la drili chini, swichi na soketi juu, na siyo kinyume.

Kutoboa: ukuta wa Hiace ya mizigo una matundu yenye nyuzi tayari, ya kufungia vifuniko. Tumia hayo kwanza. Sakafuni, kabla hujatoboa lala chini ya gari uone tangi la mafuta na mabomba ya breki yako wapi. Hakuna kupima kwa kukisia. Kila tundu jipya lipakwe redi oksaidi siku hiyo hiyo. Kati ya kabini na mzigo weka wavu wa chuma ulioungwa kwenye nguzo za bodi. Ngazi ya alumini nyuma ya kichwa cha dereva haina urafiki.

Nakata vioo na alumini. Hiace ya juu itabeba kioo kizima?
*Fundi alumini, Igogo*

Hapana. Kioo cha mita 2.44 kwa 1.83 kinatakiwa kisimame, na hata Hiace ya juu haina kimo cha 1.83 ndani. Kukilaza ni kukivunja. Kata karakana, ubebe vipande, au tumia pikapu yenye fremu ya pembetatu ya nje. Kwenye fremu hiyo pakia pande zote mbili sawa: kioo cha milimita 5 kina kilo 12.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo karatasi moja ni kilo 56, na kumi upande mmoja zinalilaza gari.

Nimenunua Hiace, tairi mpya, lakini za nyuma zinavimba ubavu nikipakia. Upepo naweka wa kutosha.
*Fundi jipsamu, Kisesa*

Umeuziwa tairi za gari dogo. Soma ubavuni. Hiace ya rimu 15 inataka 195/80R15 yenye alama 107/105 na herufi LT mwishoni. Alama 107 ni kilo 975 kwa tairi moja. Tairi ya saizi hiyo hiyo yenye alama 96 inabeba 710. Kwa mbili za nyuma hiyo ni pungufu ya kilo 530, na upepo hauwezi kuziba pengo hilo. Zirudishe dukani kabla hazijachakaa. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa dereva, na pima asubuhi, tairi zikiwa baridi.